Jinsi ya Kuotesha Kila Kitu Isipokuwa Uyoga

Anayetaka kula uyoga huenda sokoni. Anayetaka kuulima hununua chupa ya mbegu, huchemsha mabua ya mpunga au majani makavu ya mgomba kwenye pipa, huyashindilia kwenye mifuko ya plastiki pamoja na zile mbegu, huiweka mifuko gizani, na baada ya wiki tatu au nne huanza kuona uyoga mamama ukichungulia matunduni. Hayo mabwana shamba na mabibi shamba wameshayafundisha kwenye semina, na watu wanavuna. Mwongozo huu si wa watu hao. Huu ni wa yule aliyevuna mifuko yake miwili mitatu, akala, akawagawia majirani, kisha usiku usingizi ukakata akajiuliza: hizi mbegu za kwenye chupa zilitoka wapi? Ukishafika hapo hakuna wa kukurudisha. Utaambiwa zilitoka kwenye chupa nyingine ya mbegu. Na hiyo nyingine? Kwenye nyingine tena. Na ya kwanza kabisa? Ya kwanza kabisa ilitoka kwenye sahani ya agari. Pole sana, na karibu.

Agari umeshaila. Kama umewahi kufuturu Mombasa au Unguja ukaletewa faluda ya maziwa, ile inayokatwa vipande vya pembe nne na kutetemeka ukiigusa kwa kijiko, basi kilichoishika isimwagike ni agari. Dukani huuzwa ikiwa unga au nyuzi nyeupe zilizokauka, na wengi huiita chaina-grasi. Hutengenezwa kwa mwani mwekundu, hasa wa jamii za Gelidium na Gracilaria. Hapa mzalendo atainuka na kusema: mwani si tunao? Tunao. Akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwisho wa miaka ya 1980, wanafunga miche kwenye kamba maji yanapokupwa, wanavuna, wanaanika. Lakini mwani wao, spinosamu na kotonii, hutoa karajinani, ambayo huishia kwenye dawa za meno na aiskrimu za watu wa mbali. Agari haimo. Kwa hiyo utakaa hatua chache kutoka Bahari ya Hindi, harufu ya mwani ikikuingia dirishani, huku ukinunua pakiti ya unga wa mwani ulioletwa kwa meli. Lipa, usilalamike. Hii ndiyo sehemu rahisi ya kazi.

Na ikiwa mtu wa nyumbani atakuambia chakula si cha kuchezea, mpe historia. Mwaka 1881 huko Ujerumani, daktari Walther Hesse alikuwa akihangaika kuotesha bakteria juu ya jelatini. Jelatini ina tabia mbili mbaya: joto likipanda huyeyuka, na bakteria wengine huila mpaka ikabaki maji. Mkewe Fanny, mzaliwa wa Marekani, alikuwa akitumia agari kwenye jeli na pudini zake za kiangazi, jambo alilojifunza kwa majirani waliowahi kuishi Java. Akamwambia mumewe ajaribu hiyo. Kumbe agari haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85, na ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke chini ya 40. Zaidi ya hapo, bakteria walio wengi hawana meno ya kuitafuna. Hesse akampa habari Robert Koch, na Koch akaitumia kwenye utafiti wake wa kifua kikuu. Mwaka 1882 akachapisha matokeo, akaitaja agari kwa sentensi ya kupita, yule mama hakumtaja kabisa. Miaka mitano baadaye msaidizi wa Koch, Julius Richard Petri, akabuni kisahani chenye kifuniko, na mpaka kesho kisahani hicho kinaitwa kwa jina lake. Aliyeleta kifuniko anakumbukwa. Aliyeleta kilichomo ndani alirudi jikoni. Kwa hiyo unapoingia jikoni na viazi vyako, ingia kwa adabu: unarudisha kitu kwa mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kuliteka jiko

Menya viazi mviringo gramu 200, katakata, chemsha mpaka vilainike, chuja. Unachotaka ni maji yake. Viazi vyenyewe watilie chumvi watoto, wale kabla hawajaanza kuuliza maswali. Ongeza maji yatimie lita moja, tia gramu 20 za glukosi, ile ya unga inayouzwa dukani, na gramu 20 za agari. Huu ni mlo wa siku nyingi, maabara za dunia nzima huutumia kulishia kuvu. Wapo wanaopendelea kimea mahali pa viazi, na mtu aliyekulia nyumba ya togwa hatahitaji kuelezwa kimea kinapatikanaje. Lita moja hujaza sahani 40 na ushee. Huhitaji sahani 40. Utajiambia unazihitaji, kwa sababu siku ya kwanza kila mtu ni profesa, lakini pima robo lita: gramu 50 za viazi, gramu tano za glukosi, gramu tano za agari.

Sasa tafuta presha kuka. Presha kuka yoyote iliyomo ndani ya nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Usiseme unakwenda kupikia kuvu. Sema unachemsha viazi. Umevichemsha kweli.

Kwa nini isiwe sufuria ya kawaida? Kwa sababu kuna bakteria ambao wakiona mambo magumu hujifunga ndani ya ganda na kulala, na maji ya nyuzi 100 kwao ni ya kuogea tu. Zinazohitajika kuwaua ni nyuzi 121, na nyuzi hizo huzipati bila mvuke kubanwa kwa presha ya paundi 15. Na hizo 100 zenyewe ni za watu wa pwani. Ukiwa Mbeya au Nairobi maji yanatokota kabla hata hayajafika 96, na wale waliolala ndani ya ganda hawageuki hata ubavu. Ukikosa presha kuka kabisa, fuata njia ya John Tyndall ya mwaka 1877: chemsha nusu saa leo, acha, chemsha kesho, acha, chemsha keshokutwa. Katikati ya siku hizo waliolala hudhani hatari imepita, huamka, na wewe unawakuta macho. Ni njia nzuri sana kwa mtu ambaye mtungi wake wa gesi unajazwa na mtu mwingine.

Jaza chupa nusu, ziba mdomo kwa foili, zisimamishe juu ya kitambaa zisikanyage kitako cha sufuria, pika dakika 30 hadi 45 tangu presha ilipotimia. Kisha zima moto, uondoke, ukafanye jambo jingine. Usiinue kile kizito cha juu ili mvuke utoke upesi. Presha ikishuka ghafla, rojo la ndani ya chupa hutokota palepale, hupanda, husukuma foili na kumwagika, na utakuwa umepika faluda ya viazi kwenye kuta za sufuria ya watu.

Ikipoa kiasi cha kushikika mkononi bila kuruka, mimina kwenye sahani. Ukimimina ya moto sana, kifuniko kitatoka jasho na matone yatadondokea unachootesha. Asiye na sahani za Petri atumie vichupa vya jemu vyenye kifuniko cha chuma: rojo limwagwe humo kabla ya kupikwa, kila kitu kiive pamoja, na shughuli ya kumimina isiwepo. Hii ya vichupa ndiyo njia ya wenye akili, na kwa sababu hiyo wengi huifuata kwa kuchelewa.

Hatua ya pili: kujifungia chumbani

Mpaka hapa hujaotesha kitu, lakini tayari umesafisha kitu kimoja kuliko vyote vilivyomo nyumbani mwako. Agari iliyotoka kwenye presha ni safi kabisa, tamu, yenye unyevu, na haina mwenyewe. Hewa ya chumba chako imejaa vijimbegu vya ukungu vinavyoelea, vingine vimetoka kwenye mkate wa juzi, vingine kwenye udongo wa viatu, na vyote vinasubiri nafasi ya namna hiyo.

Dawa yake ni boksi. Chukua boksi kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, lile linalowekewa nguo za watoto, ligeuze kifudifudi juu ya meza, na ubavuni toboa matundu mawili ya kupitishia mikono kwa kopo la maziwa lililopashwa moto. Hiyo ndiyo maabara yako. Haina injini wala waya. Kazi yake ni kuituliza hewa ili vumbi litue chini lisielee. Kwa sababu hiyohiyo utazima pangaboi, utafunga madirisha, utafunga mlango na kuweka kanga chini yake. Kama uko Dar es Salaam na ni mwezi wa pili, baada ya dakika kumi utaanza kuwaelewa vizuri sana wanaonunua mbegu za chupa.

Pangusa kila kitu kwa spiriti iliyochanganywa na maji, asilimia 70. Mjuaji ataleta kali ya asilimia 99 akidhani kali zaidi huua zaidi. Haiui zaidi: hukauka mapema mno, na bila maji haipenyi vizuri ndani ya seli za vijidudu. Jambo moja sasa nalisema bila utani. Mvuke wa spiriti ndani ya boksi lililofunikwa, ukikutana na kibatari, hulipuka usoni. Moto ukae nje ya boksi, na spiriti ikauke kwanza. Kuna watu wamepoteza nyusi kwa ajili ya uyoga, na uyoga haukuwapa pole.

Chagua uyoga mamama mchanga, mnene, ambao ukingo wake bado umejikunja kwa ndani. Usiuoshe. Uchane kwa vidole kuanzia chini ya shina, usiukate, maana kisu hubeba uchafu wa nje na kuupeleka ndani. Ukishafunguka utaona nyama nyeupe, kavu kiasi, yenye nyuzinyuzi, ambayo tangu ianze kuota haijaguswa na hewa ya mtu yeyote. Hiyo ndiyo unayoitaka, hasa pale shina linapokutana na kofia. Pasha kiwembe moto mpaka kiwe chekundu, kipoze kwa kukigusisha kwenye ukingo wa agari mpaka kinyamaze kufanya chii, nyofoa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, inua kifuniko upande mmoja tu, tumbukiza, funika. Zungushia plastiki. Andika tarehe. Sahani nzima ni sekunde chache, na ndani ya sekunde hizo hutakiwi kuongea, kucheka, kupiga chafya wala kusoma dua kwa sauti. Dua isomwe moyoni.

Hapo ndipo atakapofungua mlango kijana wa jirani aliyetumwa chumvi. Atasema, “Shikamoo.” Nawe umelelewa. Kuna watu wameshindwa kilimo hiki kwa sababu ya malezi mema, kwani neno marahaba halitoki bila pumzi, na pumzi haitoki peke yake. Itikia kwa kichwa. Atakwenda kusema kwao kwamba siku hizi unaringa.

Hatua ya tatu: kusoma

Zigeuze sahani juu chini, ziweke kabatini, usizifungue. Siku ya kwanza utazitazama asubuhi, mchana, jioni, na mara moja usiku kwa tochi ya simu. Hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu au ya nne kile kipande kitakuwa kimeota manyoya meupe, mafupi, yaliyosimama, na kuanzia hapo utando utatambaa kwenda nje pande zote. Kama umefanikiwa, ndani ya siku saba hadi kumi utakuwa umefika ukingoni. Nimeandika “kama umefanikiwa” kwa kutimiza wajibu tu.

Utakachokiona ni hiki. Pembeni, mbali na kipande chako, panatokea doa jeupe ambalo hukulipanda. Linakua haraka, linalipita lako, na wewe unashangilia, unampigia rafiki simu, unasema mbegu hii ina nguvu. Usimpigie mtu simu. Ukungu wa Trichoderma huanza ukiwa mweupe, safi, wa kuvutia. Baada ya siku mbili tatu katikati hugeuka kijani cha bendera, unga unajaa, na kila chembe ya unga ule inaweza kuanzisha ukoo wake. Kijani kilichochanganyika na buluu, chenye ukingo mweupe, aghalabu ni Penicillium. Vichwa vyeusi vya pini juu ya manyoya ya kijivu yanayopanda mpaka kifunikoni ni ukungu wa mkate. Rangi ya machungwa inayokimbia kuliko zote ni Neurospora. Ukiiona hiyo, toa sahani nje ya nyumba bila kuifungua, toa na uliyokuwa umeiweka jirani yake, kisha kaa chini utafakari. Doa linalong'aa, lenye majimaji, la rangi ya maziwa yaliyoganda, si ukungu. Ni bakteria, na huenda ni wale waliojilaza ndani ya ganda wakati ulipokuwa na haraka ya gesi.

Alexander Fleming alirudi kutoka likizo Septemba 1928 akakuta sahani yake imeingiliwa na Penicillium. Akaitazama badala ya kuitupa, na mwaka 1945 akapata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ukungu ni huohuo. Wewe utapata maneno.

Lakini tazama pia, kama yeye. Mahali lilipo doa pana habari. Doa likianzia kwenye kipande chenyewe, uyoga wako ulikuwa mchafu au kiwembe hakikuiva. Madoa yakitapakaa ovyo juu ya agari, hewa ndiyo iliyoingia ulipofungua. Yakijitokeza hata ndani ya rojo, chini kabisa, presha haikufanya kazi yake. Ndiyo maana mtu makini huacha sahani mbili ambazo hazipandwi kitu: moja haifunguliwi kabisa, nyingine hufunguliwa ndani ya boksi kwa sekunde zilezile kisha hufunikwa. Ya kwanza ikiota, lawama ni ya jikoni. Ya pili ikiota, lawama ni yako. Wanaofuata mwongozo huu hawaachi sahani hizo, kwa kuwa nani anataka ushahidi.

Ukiwa na ujasiri, acha sahani moja wazi juu ya meza ya chakula kwa nusu saa, nyingine chini ya pangaboi, nyingine karibu na mlango wa choo, kisha zifunike zote na uzisubiri wiki. Ile ya pangaboi ndiyo itakayokunyima usingizi. Familia itakula kwa staha kwa muda wa wiki moja, halafu itasahau.

Basi nikuambie hii agari ina kazi gani, maana wengi huinunua wakidhani inazaa uyoga. Haizai. Kazi yake ni kukuonyesha uchafu mapema, ungali bei rahisi. Uchafu uleule ukiwa ndani ya chupa ya mtama huuoni mpaka wiki ya pili. Ukiwa ndani ya mfuko wa mabua hauonekani mpaka umeshabeba maji, kuni, mbegu na mgongo wako. Kwenye sahani unauona siku ya nne, kwa hasara ya kijiko kimoja cha maji ya viazi. Asiyependa kuonyeshwa mambo akaendelee na mbegu za chupa, na Mungu amzidishie.

Hatua ya pili, kwa mara nyingine

Sahani isiyo na doa hata moja ni ya kwenye picha. Yako itakuwa na nusu nyeupe nzuri na robo ya kijani. Usiitupe bado, kama kijani hakijafika kwenye nyeupe. Rudi kwenye boksi, zima pangaboi, funga madirisha, weka kanga. Kata kipande kidogo cha agari pale utando unapoishia kwa mbele, upande ulio mbali na doa, ukihamishie kwenye sahani mpya. Ncha za mbele ndizo changa na ndizo safi. Sahani mpya ikiwa na doa, kata tena. Na tena. Ndani ya sahani moja utakuta sehemu nyingine imetambaa kwa nyuzi zilizonyooka na nyingine imejikusanya kama pamba. Wengi huchukua ile iliyonyooka, kwa kuwa inaonekana ina safari. Antibayotiki za kwenye droo ya dawa ziache hapo zilipo. Mikono isiyooshwa haitibiwi kwa vidonge.

Mvua za kwanza zitakapokuja utaanza kuota ndoto za uyoga wa kichuguu, ule mkubwa wenye shina refu linaloshuka mpaka ndani ya ardhi, ambao watu huusimamisha barabarani wakauuza ukaisha ndani ya saa moja. Utasema, huu ndio wa kutia kwenye sahani. Utie. Ni Termitomyces, na unalimwa na mchwa: wao hutafuna majani na miti mikavu, hujenga masega, huupanda humo na kuupalilia usiku na mchana tangu kabla binadamu hajalijua jembe. Kwenye agari yako utaota kwa uzito mkubwa, kidogokidogo, kama mtu aliyelazimishwa kuhudhuria kikao, na bila mchwa hutavuna. Kuna mkulima aliyekutangulia, ana miguu sita, na siri hajaitoa. Uyoga mwingine wa porini usioujua usiuguse kabisa, kwa sababu sahani haina namna ya kukuambia kipi kina sumu.

Hatua ya nne: friji

Sahani nzuri ikipatikana, huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi nne hivi, na humo itakaa miezi. Isipokuwa uyoga mamama wa rangi ya waridi: huo ni mtoto wa joto, ukiutia kwenye baridi unakufa, uache kabatini. Sahani zifunge ndani ya kopo lenye mfuniko, liandike, lisukume nyuma kabisa ya rafu ya chini.

Haitasaidia. Atakuja mama mkwe kusalimia, ataingia jikoni kutafuta maziwa ya chai, na mkono wake utakwenda moja kwa moja kwenye lile kopo.

“Mwanangu, hii faluda yenu mbona imeota mvi?”

“Mama, hiyo si faluda. Ni uyoga.”

“Uyoga uko wapi?”

“Bado, mama.”

Atakutazama kwa muda. Atarudisha kopo mahali pake, taratibu, atafunga friji, na chai ataomba ya rangi. Usijaribu kumweleza habari za Fanny Hesse. Jioni atamwuliza mwanawe, kwa sauti ya chini ambayo utaisikia, kama kazini kwako mambo yanakwenda vizuri.

Hatua ya tano, ambayo wachache huifikia

Chemsha mtama mpaka ulainike lakini usipasuke. Uchuje, uutandaze juu ya kitambaa mpaka ukauke kwa nje, maana punje zenye maji ni karamu ya bakteria. Jaza chupa theluthi mbili, pika kwa presha saa moja na nusu, poza usiku kucha. Ndani ya boksi, katia humo vipande vitatu vinne vya agari yenye utando. Utando ukishakula theluthi ya chupa, itikise ili punje zilizovamiwa zikawavamie wenzao. Baada ya wiki mbili hivi chupa itakuwa nyeupe yote na ukiinusa ina harufu ya uyoga mbichi. Ikinuka uchachu, unajua pa kuanzia: hatua ya pili.

Sasa una chupa ya mbegu, ileile ambayo ungeinunua. Ukijumlisha wiki za sahani, za mtama na za mifuko, ni miezi miwili na zaidi tangu umenye kiazi cha kwanza mpaka uyoga kuingia kwenye mchuzi, na hapo hatujahesabu siku umeme ulipokatika na friji ikageuka kabati. Lakini sahani moja inatoa chupa kadhaa, chupa moja inatoa nyingine, na kila moja inapanda mifuko yake. Ndiyo maana watu wa mbegu hawaonekani wakilalamika.

Sahani zilizoharibika usizifungue kuzinusa, wala usizitupe mbichi kwenye ndoo ya taka ya jikoni, utakuwa umeupandia ukungu shamba jipya hatua mbili kutoka kwenye boksi lako. Vichupa vya jemu vitie vilivyo ndani ya presha kuka, pika dakika 45, ndipo umwage. Zile za plastiki zikiyeyuka, utajua hazikuwa za kupikwa. Kisha isugue presha kuka kwa sabuni na ndimu, ndani, nje, mpaka kwenye mpira wa kifuniko, uirudishe ulipoitoa kabla mwenyewe hajaiulizia. Leo kuna maharage.